Nyumba Inaungua Bila Utangulizi

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mwalimu alikuwa akisahihisha insha mapajani. Jirani yake, fundi cherehani aliyesahau utepe wa kupimia shingoni, akachungulia.

"Mbona huyu umempa sifuri, mwalimu?"

"Hana utangulizi, kaka yangu. Insha inaanza na hali ya hewa, ndipo kiini, halafu hitimisho. Yeye kaanza tu nyumba yao inaungua."

"Sasa nyumba inawaka, mtoto atazame mawingu?"

"Mpangilio ni mpangilio. Kwani wewe unashona kabla ya kupima?"

Fundi akaichukua ile karatasi mapajani mwa mwalimu, akaiinamia. Nikadhani kashindwa, kumbe anasoma. Basi likasimama, mwalimu akanyoosha mkono kudai karatasi yake.

"Subiri kidogo, dada," fundi akasema bila kuinua macho. "Bibi yao bado yumo ndani."