Neely Heffron, Aliyejua Kuanguka

Tumekuja Scranton kumrudisha Cornelius Heffron, ambaye hapa nyumbani kila mtu alimwita Neely, katika udongo uliomlea. Mimi ni Delia, dada yake mdogo. Nitasoma nikiweza, nikishindwa, Padre Moran atamalizia.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1904, mtoto wa tatu wa mchimba makaa Patrick Heffron na mkewe Honora. Alisoma shule ya parokia hadi darasa la sita, masista walipomfukuza kwa kujiangusha ngazini wakati wa rozari. Mama alimchapa, kisha akaingia jikoni, tukamsikia akicheka peke yake.

Mwaka 1919 tuliingia kazi ya vodevili, maonyesho ya jukwaani ya kila aina, tukizunguka miji kwa treni pamoja na waimbaji, watu wanaokula moto na mbwa wacheza ngoma. Mchezo wetu ulikuwa mmoja tu: Neely anaanguka kifudifudi, mimi napiga yowe, "Daktari! Jamani, daktari!" na watu wanavunjika mbavu. Kuanguka ni ufundi. Kiganja hutangulia kupiga sakafu, pa!, ndipo mwili ufuate. Nilizoea kukisikia kishindo hicho kila usiku.

Juni 1930 alimwoa Philomena Garrity, wakajaliwa Rosaleen na Eugene. Sinema zilipotunyang'anya watazamaji, aliuza viatu, akapaka nyumba rangi, hakulalamika. Televisheni ilipokuja, New York walimtafuta, na tangu mwaka 1950 akawa mwongozaji wa vichekesho. Waigizaji walimpenda na kumwogopa. "Wewe, unaanguka kama gunia la viazi," alimwambia mmoja. "Sogea, nikuonyeshe." Daktari alishamkataza kujiangusha, kwa ajili ya shinikizo la damu. Philomena naye hakunyamaza.

"Neely, una miaka hamsini na saba! Utaniua mimi kwanza."

"Mama watoto, mimi na sakafu tunajuana."

Tarehe 6 Oktoba mwaka huu wa 1961, studioni, mbele ya watazamaji, alisimama amwonyeshe mwigizaji namna ya kuanguka. Akaanguka kabla hajamaliza maelezo. Nilikuwa safu ya mbele. Sikusikia kiganja. Nikapiga yowe, "Daktari! Jamani, daktari!" Waliokumbuka mchezo wetu wa zamani wakapiga makofi. Nikalia, wakazidi kucheka. Nikasema, "Si mchezo! Kaka yangu anakufa!" Hapo ndipo walipocheka kuliko wakati wote. Mungu anisamehe, sijawahi kuwachukia watu namna ile.

Kilikuwa kiharusi. Alilazwa siku tisa, upande mmoja umepooza, ulimi mzito. Jioni ya mwisho alinivuta mkono.

"Delia... walicheka?"

Nilitaka kumwambia watu wale ni hayawani. Nikasema, "Walicheka, kaka. Walishika matumbo."

Akatabasamu kwa upande uliobaki. Alifariki alfajiri ya tarehe 15 Oktoba.

Ameacha mjane Philomena, watoto wawili, wajukuu wanne, na mimi, ambaye sijui nitamwita nani kaka.

Watu wa studio mliocheka siku ile, nawaona pale nyuma, hamjui mtazame wapi. Sijawasamehe bado. Lakini kicheko chenu ndicho alichoondoka nacho, na mimi sikuwa na cha kumpa kilichozidi hicho. Basi njooni mbele, mshike kamba za jeneza pamoja nasi. Mshusheni polepole, na Bwana ampe raha ya milele.