Siki Iliyogeuka Tamu

Wapendwa wakulima wenzangu, mniruhusu nisimame. Nikikaa nazungumza vibaya, na mwenyekiti ananijua, hata kikao kifupi natoka nje mara mbili.

Enzi zile za ruksa, kila mtu alipokuwa anajaribu biashara yake, niliajiriwa na tajiri mmoja hapa nje ya mji. Alileta mawe yenye risasi, hii ya kwenye betri za magari, imechanganyika na madini mengine, manganizi. Alitaka azitenganishe. Tindikali ilimsumbua kuipata, akanunua mvinyo wetu wa zabibu ulioharibika ukawa siki. Tukawa tunasaga mawe na kuyaloweka kwenye mapipa. Siki inanyonya risasi, manganizi inabaki chini, nyeusi kama masizi. Tunachuja kwa shuka, tunatia magadi, risasi inashuka nyeupe, safi, utadhani unga wa muhogo.

Sasa, utajuaje siki imeshiba risasi? Ndugu zangu, sisi watu wa zabibu tumekua tunaonja. Zabibu unaonja, mvinyo unaonja, siki unaonja. Nikachovya kidole. Ikiwa kali, nasubiri. Ikigeuka tamu, nachuja. Na ilikuwa tamu kweli, msicheke! Nikawa naonja hata pipa ambalo najua limeshakuwa tamu.

Tumbo likaanza kunifunga. Linasokota mpaka nauma kanga ya mke wangu. Usingizi ukakimbia, nikawa mkali, nazunguka uani, nagombana na kuku. Halafu mikono. Nanyoosha kiganja, kinaanguka. Mkasi wa kupogolea mizabibu ukanishinda. Majirani wakasema nimerogwa, na mimi nikaanza kuwahesabu maadui, nikampata hata shemeji yangu, maskini.

Wakati huo mke wangu alikuwa mjamzito. Tulikuwa tumeingoja mimba ile mpaka watu wakaacha kutuuliza. Naye alikuwa anatapika kila kitu isipokuwa uji, na uji bila sukari haupiti. Sukari ikawa imeisha dukani. Basi nikatoka kazini na chupa ya yale maji matamu. Nikaona nimempatia, leo atakunywa.

Nikamimina kidogo kwenye kikombe chake cha uji. Akanishika mkono, huu huu unaoning'inia. Akaniuliza maji yale nimeyatoa wapi. Nikamwambia, kwa kujisifu kabisa. Naye akasema, "Ulipokwenda kwenye msiba wa mjomba kule kijijini Busi, tumbo lilipona. Umerudi kwenye mapipa, limerudi. Mwenzangu, kinachokula mikono yako ndicho unachotaka kumpa mwanangu?"

Nilikasirika, nawaambia. Nilitaka kumwonyesha, ninywe mimi mbele yake. Nikakiinua kikombe, kiganja kikaanguka, uji wote ukamwagika miguuni kwangu. Tukabaki tunautazama. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Kesho yake akanipeleka hospitali mwenyewe, na tumbo lake lile. Daktari akanifunua mdomo, akakuta mstari wa buluu kwenye fizi, akaniuliza nafanya kazi gani. Hakuhitaji kuuliza tena. Sindano za kuitoa sumu ya risasi mwilini zilinitesa, na kazi sikuirudia. Wenzangu wa mapipa niliwafuata mmoja mmoja. Wawili walinifukuza, wa tatu alikuja hospitali.

Nawashukuru nyie mlionilimia shamba msimu ule bila kunisimanga. Nakushukuru na wewe shemeji, ulilima mistari mingi kuliko wote. Mke wangu simtaji, mnamwona, ameinama.

Funzo langu ni fupi. Cha kazini msikionje, hata kikiwa kitamu. Hasa kikiwa kitamu, kwa sababu mimi, Mungu anisamehe, utamu ule bado naukumbuka.

Tazameni. Mkono wa kulia unanyanyuka. Wa kushoto bado. Binti yangu wa mimba ile, njoo umnyanyulie baba huu mwingine, watu wauone.