Skrini ya Bi Mapazia

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha eksirei, mwenzetu Bi Mapazia anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimbandika sisi, maana hakukagua picha yoyote kabla ya kuvuta mapazia na kuzima taa. Aliyeacha mlango wazi alitimuliwa, hata akiwa daktari bingwa.

Kila Jumatatu, kabla ya chai, aliweka kwenye skrini picha ya majaribio yenye miraba iliyopangwa kutoka weusi hadi weupe. Miraba miwili ya giza ikionekana kama mmoja, kazi ilisimama. Tulimcheka, tukasema anapiga ramli.

Miaka mitatu iliyopita, skrini yake maalumu ya kusomea picha ilihamishiwa ukumbi huu wa mikutano, eti wageni waone vizuri. Akaletewa ya ofisini, inayong'aa kama sufuria mpya, ambayo kwayo miraba mitano ya giza ilikuwa doa moja. Akaandika barua. Mkurugenzi akamjibu kwamba kioo ni kioo. Aliandika barua kumi na moja, na nakala zote tunazo.

Yaliyofuata yanatuuma, lakini tutayasema. Alikuja mama mmoja, fundi cherehani, akiumwa na moja kati ya meno mawili yaliyopakana, asijue lipi. Kwenye skrini ile ya ofisini ufa wa jino haukuonekana, na daktari wa meno akang'oa lile lililokuwa zima. Bi Mapazia aliifungua picha ileile hapa ukumbini, na ufa ukaonekana kwenye mzizi wa jino la pili, tena bila miwani. Alimfuata mama yule nyumbani kumwomba radhi kwa kosa lisilo lake. Waliostahili kwenda hawakwenda. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaka saa ya ukutani wala seti ya vyombo. Alitaka skrini irudi chumbani. Tukaambiwa ombi litajadiliwa.

Ratiba inasema sasa tutazame hapa picha za utumishi wake. Hatutazitazama. Asubuhi hii sisi wenzake wanne tumeibeba skrini na kuifunga mahali pake, na miraba yote imehesabika. Mkurugenzi akiihitaji, aje, ila abishe hodi kwanza, taa zimezimwa.

Asante sana, dada yetu. Tunakuombea afya, furaha na Jumatatu nyingi za kuchelewa kuamka. Miraba tutaihesabu sisi.