Boti ya Mzee Malimi Niliyoiita Beseni

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Ni mimi Nathaniel wenu. Leo hatuanzi na muziki. Nina jambo la kusema, na nikilichelewesha nitaingiwa na woga.

Tunamkumbuka Malimi Shimba, fundi wa kupaka rangi magari, mkazi wa Pasiansi. Amefariki Jumapili iliyopita. Presha ilimwangusha akiwa gereji kwake. Alikuwa na miaka sitini na nane. Wengi wenu jina hilo hamlijui. Nikisema Mzee Beseni, mtamjua. Na jina hilo nilimpa mimi, kupitia kipaza sauti hiki hiki.

Mzee Malimi alizaliwa Misungwi, kwenye familia ya wafugaji. Alikuja mjini akiwa kijana, akajifunza kunyoosha bodi za magari na kupuliza rangi. Gari lililobonyea alilijaza puti, ile rojo ya kuzibia inayokauka ikawa ngumu, akalisugua kwa msasa, halafu akalifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi, hapaki. Anarudia. Wateja walinung'unika kwamba anachelewesha, naye aliwajibu, "Mimi naamini kitambaa, macho yangu siyaamini."

Miaka saba iliyopita aliitwa kupaka rangi geti la stoo ya mfanyabiashara Alnoor. Nyuma ya stoo akakuta boti ndogo ya tanga, ya faiba, imejaa maji ya mvua na majani makavu. Ilikuwa ya marehemu baba yake Alnoor, aliyekuwa akitembea nayo ziwani kila Jumapili. Alnoor ananiambia, "Nilimwambia Malimi, hii takataka, chukua kama unaitaka. Akaizunguka mara tatu kama mtu anayenunua ng'ombe. Kesho yake akaja na toroli."

Akaifanyia kazi miaka miwili, baada ya magari ya watu. Akabandua rangi ya zamani. Akaziba nyufa. Akaziziba kwa puti ya gari, wasikilizaji, na hapo ndipo alipokosea. Ni kosa la fundi mzuri wa magari. Puti ya gari hunyonya maji. Yeye maisha yake yote alikuwa akitengeneza vitu vya barabarani, angejuaje?

Siku ya kuizindua alialika redio. Nikaenda. Boti ilikuwa imeshinda majini siku mbili ikitusubiri. Mzee akapanda, amevaa shati la kanisani. Vipande vya puti vikaanza kubanduka, maji yakamfika magotini. Watu wakaangua kicheko, nami nikapaza sauti, "Wasikilizaji, mzee ametuletea beseni!"

Mnakumbuka. Kipande kile tulikicheza kila Jumamosi kwa mwaka mzima, kufungulia kipindi. Kile kicheko kilicho karibu zaidi na kipaza sauti ni changu.

Wiki hii nimesikiliza kanda nzima. Baada ya vicheko, sauti ya mzee inasema, "Usizime, mwanangu. Ngoja niwaeleze nilipokosea." Hamkuwahi kusikia maneno hayo. Niliyakata. Niliona yanaharibu utani.

Binti yake, Selina, anasema wateja walikuwa wakifika gereji na kuuliza, "Beseni iko wapi?" Mzee anacheka nao. Akaifunika boti kwa turubai. Akakwangua puti yote, akaanza upya. Alnoor akamwagizia puti ya boti, ile isiyonyonya maji. Karibu miaka mitano mingine. Akaipaka rangi ya bluu, na mstari mweupe ubavuni alioupiga kwa mkono bila rula.

Mwezi wa tatu mwaka huu akanipigia simu. "Imekamilika. Njoo Jumamosi na mashine yako ya kurekodi." Nikamwambia shikamoo mzee, wiki ijayo. Wiki iliyofuata nilikuwa MC kwenye harusi Usagara. Mara ya tatu sikuwa na sababu yoyote. Niliona jina lake kwenye simu, nikaigeuza kifudifudi mezani. Niliona aibu, basi. Hakupiga tena.

Selina alimwambia, "Baba, si tuisukume wenyewe?" Akamjibu, "Ilipozama ilisikika mkoa mzima. Ikielea, nani atasikia?" Akaendelea kunisubiri. Narudia, kwa mliofungua redio sasa hivi: Malimi Shimba aliimaliza boti yake, akanisubiri mimi, na amefariki haijarudi majini.

Tulimzika Jumatano, Buswelu. Baada ya mazishi Selina akanijia. Nilijua nitatukanwa, na nilistahili. Akasema, "Kaka Nathaniel, kesho saa nne tunaishusha. Uje na mashine yako."

Nikafika saa tatu. Tukaisukuma, Alnoor akiwa amekunja suruali. Tukaiacha inaelea saa nzima bila mtu ndani. Halafu Selina akatoa mfukoni kitambaa cheupe cha baba yake, akanipa. "Futa wewe, kaka. Futa chini kabisa." Nikaingia, nikapiga magoti, nikafuta kila kona, na mashine ikirekodi. Kisha Alnoor akapandisha tanga, akaenda nayo mpaka kwenye mawe kule ziwani na kurudi, analia bila kujificha.

Kwako Mama Teodora, mjane wa marehemu. Kwako Selina na ukoo wote wa Shimba. Poleni sana. Nilimfanya mzee wenu kichekesho kwa watu, na nafasi ya kumsafishia jina akiwa hai nilikuwa nayo mara tatu. Naomba mnisamehe. Kipande kile hakitachezwa tena.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu uliyemcheka akakunyamazia, au anakupigia nawe unageuza simu, mpigie leo. Usingoje mpaka umkute kwenye tangazo la msiba.

Mzee Malimi, ulitaka mkoa mzima usikie. Basi usikie: boti yako inaelea. Kitambaa chako ninacho hapa mkononi, studio. Kilitoka kikavu.