Peng Shih-yen, Aliyejua Kwa Nini Mashine Iliganda

Marehemu Peng Shih-yen alizaliwa Beipu, Hsinchu, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa mkulima wa chai, hayati Peng Ah-kui, na mama Chung Lan-mei. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Siku moja yeye alishika upawa, dada yake Hsiu-chin akakumbatia sufuria, kila mmoja akingoja mwenzake aachie, mpaka supu ikapoa na mama akawanyang'anya vyote.

Alisoma Beipu na Zhudong, akahitimu uhandisi wa kompyuta mjini Hsinchu mwaka 1993. Mwaka 2001 alimwoa Fan Shu-ling, wakajaliwa binti mmoja, Ruo-an.

Baada ya kutumikia jeshi kwa mujibu wa sheria aliajiriwa na kampuni ya kompyuta kubwa, zile zenye prosesa nyingi, yaani bongo za mashine, zinazofanya kazi kwa pamoja. Mfumo endeshi ukianguka, yeye ndiye aliyetafuta chanzo. Ni kazi ya kuchosha roho, maana kosa hutokea mara moja, ukiligeukia halipo.

Mwaka 2021 kompyuta ya aina mpya, ikiwa bado kwenye majaribio, ilianza kuganda. Wenzake waliiwekea juu pakiti ya kijani ya vitafunwa, kama hirizi, ili itulie, kama wanavyofanya mafundi wote wa pale. Shih-yen akaifungua akala.

"Mashine haina tumbo," aliwaambia. "Prosesa hii imeshika anachokitaka mwenzake, na mwenzake vivyo hivyo. Hakuna anayeachia. Ni mimi na dada na ile supu."

Dawa yake ilikuwa kuzifundisha prosesa zote kushika vitu kwa mpangilio mmoja: upawa kwanza, sufuria baadaye. Aliomba muda wa kuandika upya sehemu hiyo. Mkuu wake, Meneja Liao, hakutaka kusikia.

"Zima zote, bakiza moja, tupite majaribio," alisema. "Na mnunulie mashine pakiti nyingine."

Prosesa moja haina wa kugombana naye, kwa hiyo majaribio yalipita. Kompyuta ziliuzwa, wateja wakawasha prosesa zote, mashine zikaganda. Ndipo Liao akasimama mkutanoni, bila haya, akasema, "Mfumo ulikuwa mikononi mwa Bwana Peng. Hata pakiti ya mashine aliila." Watu wakacheka. Aliondolewa kazini kama mzembe, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Familia ina hasira na haioni sababu ya kuificha.

Aprili 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kitandani alimwambia Hsiu-chin, "Dada, usikubali waseme nilikosea." Alifariki tarehe 9 Februari 2023.

Juzi Meneja Liao alileta shada la maua nyumbani, akaweka pakiti ya kijani mbele ya picha ya marehemu ili mazishi yaende salama.

"Dada, wasifu uwe mfupi," alimwomba Hsiu-chin. "Tusimsumbue marehemu."

"Marehemu hasumbuki. Wewe ndiye unayesumbuka," alijibiwa, na pakiti yake akarudishiwa mkononi.

Marehemu ameacha mama, mjane, binti na dada yake, anayesoma haya. Chanzo kilikuwa kile alichokitaja, na waliomcheka walikijua. Safari hii upawa ameushika Hsiu-chin, na haachii. Lala salama, Shih-yen. Hukukosea.