Hakustaafu: Maisha ya Mama Mdalasini, Mchambuaji wa Matufaha

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Mdalasini, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa tano wa fundi viatu na mfua nguo. Alikuja wiki tatu kabla ya siku zake. Bibi yake alisema, "Huyu hatapangiwa na mtu."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1971. Ripoti yake ya darasa la sita bado tunayo: "Ana akili, ila hujibu." Baba yake aliisoma akacheka mpaka nyundo ikamtoka mkononi.

Tarehe 5 Februari 1979 aliajiriwa kwenye ghala la baridi kuchambua matufaha. Wachambuaji walisimama kutwa nzima bila mapumziko ya kupasha mwili moto, na hata kwa glavu mbili vidole vilikufa ganzi. Ndipo alipoanza kupika nyumbani kinywaji chake. Alinunua sokoni matufaha yaliyopondeka, akayakata pamoja na maganda, akatia maji, kijiti cha mdalasini, karafuu tatu na tangawizi, akaacha kwenye moto mdogo saa nzima, kisha akachuja kwa kitambaa. "Ukiharakisha," alisema, "utakunywa maji ya moto yenye harufu." Sukari hakutia. Aliyeitaka aliambiwa aje nayo mfukoni.

Mwaka 1981 fundi wa kuchomelea vyuma alikuja kwao kutengeneza dirisha, akapewa kikombe. Akasema, "Dada, karafuu zimezidi." Akajibiwa, "Mlango ni ule ule ulioingilia." Kesho yake fundi alirudi, na dirisha halikuwa na tatizo lolote. Walifunga ndoa tarehe 15 Agosti mwaka huo, wakajaliwa watoto watatu.

Kwenye kazi inabidi turudi, maana hapo ndipo penye neno. Kwa miaka mingi aliwapelekea wenzake kinywaji hicho kwenye chupa ya chai, wakinywa kwa zamu ukumbini. Tarehe 12 Julai 2004 msimamizi alikimwaga sakafuni, akasema matufaha hayo ni mali ya ghala. Mama alipiga deki. Kesho yake alikuja na chupa mbili. Akaletewa barua: akiri kwamba alichukua matunda ya ghala, aombe radhi, yaishe. Alisema, "Nimechoka, lakini sijachoka kiasi cha kujiita mwizi." Tarehe 19 Julai alifukuzwa, baada ya miaka ishirini na mitano. Wenzake wakaanza kupika wenyewe, kila siku nyumba nyingine, wakikipeleka ghalani, mpaka mwaka 2006 wakapewa robo saa ya mapumziko ambayo ipo hadi leo.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Alipokuwa kitandani alimwambia binti yake wa pili, anayefanya kazi kwenye chumba kile kile cha kuchambulia, "Wewe ndiye utakayenisoma siku ya kunizika. Useme nilifukuzwa." Binti akamwambia, "Mama, mimi bado nakula pale." Akajibu, "Najua. Ndiyo maana nakuomba wewe." Alituaga tarehe 8 Juni 2024, saa nane mchana, mumewe akiwa amemshika mkono.

Juzi ghala lilituletea shada la maua na kikaratasi, likiomba isomwe kwamba marehemu alistaafu kwa hiari. Maua tumeyapokea, asanteni. Binti huyo wa pili ndiye anayesoma hapa, na wakubwa wake wa kazini wamekaa mstari wa mbele. Kesho saa moja asubuhi ana zamu. Mama hakustaafu. Alifukuzwa kwa kuwapa watu joto, na hakuiba hata tufaha moja.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wanawake kumi na tisa wa chumba cha kuchambulia ambao, tunaona, wamesimama wote.

Lala salama, mama yetu. Jina lako ni safi.