Saa Tano ya Dada

Siku hiyo fundi viatu alivaa shati jipya, na kola ilikuwa ikimwasha. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa anarudi kwa ndege baada ya miaka tisa ng'ambo. Ujumbe wake ulisema: "Tunaruka saa mbili asubuhi. Ni saa tano. Njoo unipokee." Kisha simu ikazimwa. Saa nne Fundi akafunga kibanda, akapitia kijiweni, kwenye benchi la pembeni ya duka la dawa, kuuliza jambo dogo tu: hiyo saa tano ni ya kufika, au ni muda wa kukaa angani? Heri angeuliza ukuta.

— Muda wa angani, alisema Kilomita, dereva wa lori mstaafu. Mbili jumlisha tano, saba. Kaa unywe kahawa.

— Nani kakwambia? akadakia Rubani. Huyu hajawahi kurusha hata tiara. Jina alilipata kwa kufagia uwanja wa ndege miezi minne. — Anatua saa tano. Safari ni saa tatu tu.

— Kilomita elfu mbili na ushee kwa saa tatu? Breki atashika wapi?

— Mzee, dunia si inazunguka? Ndege inapanda juu, inatulia, nchi inaifuata yenyewe.

Fundi akatazama simu. Saa tano kasorobo.

— Jamani, acheni mimi niende tu.

— Uende wapi? akauliza Kilomita. — Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Hiyo inahusu nini?

— Inahusu pua ya ndege. Kabla ya kutua lazima iiname, na kuinama kuna muda wake. Halafu ramani umeiona? Kule juu, huku chini. Anateremka njia nzima! Mimi kwenye mteremko nilikuwa nazima injini.

— Kwa hiyo atawahi?

— Atachelewa. Injini imezimwa, atakimbiaje?

Muuza kahawa, ambaye hajawahi kupata faida kwa mtu anayeondoka, akainua birika.

— Na hiyo saa mbili ni ya saa za kwao au za kwetu? Kule jua huchelewa kuamka.

Kijiwe kikalipuka. Fundi aliinuka mara tatu, na kila mara akashikishwa kikombe. Kusema kweli, hakukataa sana. Miaka tisa si mchezo. Moyoni aliogopa dada atampita pale uwanjani bila kumtambua.

Saa saba kamili teksi iliyokuwa ikielekea nyumbani kwao ikasimama mbele ya benchi. Akashuka mama mmoja mnene, akiburuta sanduku lenye gurudumu moja.

— Shikamoo, dada, Fundi akanong'ona.

— Marahaba. Dada akavitazama vikombe, akawatazama wenye vikombe. — Kutoka hapa hadi uwanjani ni mwendo gani?

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, kijiwe kizima kikajibu kwa sauti moja:

— Dakika ishirini!

— Basi mbona nimekaa pale saa moja unusu peke yangu?

Kilomita akachunguza tairi za teksi. Rubani akatazama mawingu. Muuza kahawa akatikisa birika: tupu. Fundi aliinama, akajitwika sanduku kichwani, akatangulia nyumbani.

— Na umekonda hivyo, dada akasema nyuma yake, akimnyoosha kola.

Hawajafika kona, benchi likaanza tena.

— Nilisema saa tano!

— Mbona kafika saa saba?